Mpaka Ulipovuka Korongo

Niliondoka kijijini kwetu Daudi asubuhi moja bila kumwambia mtu naenda wapi, kwa sababu mwenyewe sikujua. Kaka yangu alikuwa amekwisha kutangulia shambani kwenye vitunguu swaumu, na mimi nilitoka nyumbani na jembe begani kana kwamba namfuata. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe wa jirani walisikika kabla hawajaonekana. Nilipofika njia panda niliegemeza jembe kwenye mti ili mtu alione, alirudishe, kisha nikashika njia ya barabarani. Shule pia niliiacha hivyohivyo, nikiwa darasa la sita. Sikugombana na mwalimu yeyote. Siku moja nilifika langoni, nikapita.

Lori la maharage lilinibeba hadi Dongobesh. Siku zile kila mtu alikuwa na habari za mipaka. Mkoa wa Arusha ulikuwa umekatwa, nasi tulikuwa tumeambiwa kwamba sasa ni watu wa Manyara. Juu ya magunia mama mmoja aliyebeba kuku alisema yeye hajahama nyumbani kwake tangu aolewe, lakini amekwisha kukaa mikoa miwili.

"Subiri mama," utingo akamwambia, "kabla hujafa utafika Ulaya."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilipenda habari hizo. Nilikuwa na tabia ya kuuliza kila mahali: hapa ni kata gani, kitongoji hiki kinaishia wapi, nani aliamua kiishie pale. Mtu akinijibu "kwenye ule mti," nilitaka kujua kabla ya ule mti kulikuwa na nini.

Kutoka Dongobesh nilitembea kuelekea kusini, nikilala kwa watu, nikilima siku mbili tatu kwa chakula, hadi nyanda za juu zinapoanza kushuka kuelekea tambarare ya Hanang. Huko nilifika kijiji kimoja kirefu kilichotandazwa juu ya mgongo wa mlima. Sitakitaja. Mwisho wake kulikuwa na korongo lenye kijito chembamba, na ng'ambo ya korongo, peke yake, nyumba moja ya udongo yenye moshi. Niliomba mahali pa kulala kwa mzee aliyekuwa akichunga kondoo. Aliipokea salamu yangu vizuri, akaniuliza ukoo wangu, kisha akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo bila kuangalia huko.

"Wageni wanalala kule," akasema.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mwembamba, mgongo umenyooka, miguuni kandambili za tairi. Ndani alikuwamo msichana mwenye mimba kubwa, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia, akanipa makande na maziwa. Msichana alinitazama nikila.

"Kaka, umekosa nini?"

"Sijakosa kitu."

"Basi umepotea. Wanaofika hapa wamekosa au wamepotea."

"Mwache ale," bibi akasema. "Wewe ulipofika hukuulizwa."

Nilikaa pale kwa sababu nilitaka kujua. Bibi alinieleza kidogokidogo, mikono ikiwa kazini. Kwa Wairaqw wa zamani, alisema, binti akipata mimba kabla ya kuolewa, mtoto yule hazaliwi ndani ya nchi. Alipotamka nchi hakuwa na maana ya Tanzania. Alikuwa na maana ya ardhi ile ya mgongoni, ambayo wazee waliizungushia kondoo mweusi tangu enzi za babu zao ili mvua iipate na magonjwa yaikose. Mtoto wa namna ile akizaliwa ndani, mvua inakimbia. Kwa hiyo binti anatoka. Anavuka mpaka, anazaa huko nje, analea huko nje, na baada ya muda akitakaswa anaweza kurudi na kuolewa. Mpaka wa nchi ile ulikuwa korongo lile. Yeye mwenyewe alilivuka akiwa msichana, wakati ng'ambo kulikuwa pori tupu na Wabarbaig na ng'ombe wao. Alizaa kwa mama mmoja wa Kibarbaig, mtoto akafa akiwa ameanza kutembea, naye hakurudi tena. Alijenga palepale. Tangu hapo mabinti wakawa wanajua pa kufikia.

"Lakini watu sasa wana makanisa," nikasema.

"Makanisa wanayo. Mchana wa Jumapili wanasema mambo haya yamekwisha. Huyu hapa baba yake ni mzee wa kanisa. Alimleta alfajiri, akarudi kuwahi ibada."

Msichana alicheka, akatupa gunzi nje. Alikuwa amebakiza muda mfupi. Alichotaka ni kimoja tu, na alikisema waziwazi kama mtu anayeagiza chumvi: azae palepale, mikononi mwa bibi, na asihamishwe tena.

Kijiji kile kilikuwa kinagawanywa. Niliambiwa na mwenyekiti wake, mtu mpole mwenye koti kubwa la mitumba, aliyekuwa akitafuta vibarua wa kufyeka mstari na kupaka mawe chokaa. Upande wa chini ulitaka kuwa kijiji chenyewe, na kiwe tayari kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ili kiwe na mwenyekiti wake, vitongoji vyake, na sanduku lake la kura. Wakiwa kijiji, watajengewa shule ya karibu, na zahanati pia. Watoto wao walikuwa wakitembea mbali mno, na mama mmoja alikuwa amefia njiani, juu ya machela. Haikuwa tamaa ya bure. Nilikubali kazi.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mtendaji wa kata alikuwa mgeni katika sehemu zile, mtu wa mbali, mchangamfu, mwenye mchoro uliokunjwa vizuri. Alisimama mbele pamoja na mwenyekiti na mwinjilisti, akaeleza yote kwa Kiswahili safi. Shida ilikuwa moja. Kaya za upande wa chini zilikuwa pungufu kidogo ya zile zinazotakiwa. Akageuka, akatazama ng'ambo ya korongo.

"Kule naona moshi. Kule ni wapi?"

Mwenyekiti akakohoa.

"Kuna bibi mmoja," akasema.

"Na mbele yake?"

"Mbele yake wapo wachache. Wafugaji. Na watu watatu wanne waliofungua mashamba."

"Basi wale ndio watatuokoa! Mpaka uvuke korongo, ushuke mpaka kwenye ule mwinuko. Kaya zinatimia. Kuna anayepinga?"

Nimeona mikutano mingi ya kijiji kabla na baada ya ule. Watu hubishana hata juu ya nani akae kivulini. Siku ile palikuwa kimya mpaka nikasikia mbuzi wakila ukuta wa nyumba ya mwalimu. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akainuka nusu, akamtazama mwinjilisti, akamtazama mtendaji, akakaa tena. Akina mama walikuwa wameinamisha vichwa. Nilimwona yule mzee wa kanisa, baba wa msichana. Alikuwa anang'oa majani mbele ya viatu vyake, moja moja.

"Anayeafiki anyooshe mkono."

Mkono mmoja ulipanda, kisha wa pili. Kila mtu alitazama wa jirani yake kwanza, halafu akainua wake. Mwisho ilikuwa yote. Mtendaji alipiga makofi, akasema hajawahi kuona wananchi wenye umoja kama wale. Watu waliondoka kama wanaotoka kuzika. Nilimuuliza mwanamke mmoja kwa nini hawafurahi, akanijibu, "Tumefurahi," akaongeza mwendo.

Ndipo nilipoelewa kidogo. Jambo lenyewe, kwamba nyumba ya mabinti sasa inaingizwa ndani ya mpaka, kila mtu alilijua, na hapakuwa na mtu wa kulitamka. Kulitamka mbele ya mwinjilisti ni kukiri kwamba bado unaliamini. Kulitamka mbele ya mtendaji ni kumweleza mgeni aibu ya nyumba za watu, na ya nyumba ya nani, wakati baba amekaa pale. Kwa hiyo wote, kwa hiari yao, waliamua jambo ambalo wote waliliogopa.

Nilipaka mawe. Mstari ulishuka korongoni, ukapanda ng'ambo, ukapita chini kabisa ya nyumba ya bibi, ukaenda kufika kwenye mwinuko ambao mbele yake ni wilaya ya Hanang. Jioni nilirudi na chokaa kwenye nyusi, na msichana alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Kaka, leo umenihamishia wapi?"

"Wilaya bado ni ileile."

"Na huyu naye," akagonga tumbo, "atapiga kura?"

"Mpaka atimize miaka."

"Nitamwita Kitongoji. Akilia usiseme ni mtoto, sema ni kitongoji kinadai zahanati."

Bibi hakucheka. Nilimuuliza kama ana hofu na yale mawe.

"Mawe ni ya serikali," akasema. "Serikali hainyeshi mvua. Wao wanajua nchi yao inaishia wapi, na mimi najua."

Kwa siku kadhaa niliamini hivyo nami. Lakini ulikuwa wakati wa mvua za kupandia, na mvua haikuja. Mawingu yalikusanyika juu ya mlima Hanang kila mchana, meusi, mazito, yakasogea kuelekea kwetu hadi ukasikia harufu ya vumbi lililoloa, kisha yakageuka. Mahindi yaliyopandwa mapema yalichipua, yakawa ya njano. Kule mgongoni wanaume walianza kuja kukaa. Walikaa juu ya ukingo wa korongo upande wao, wamejifunika mablanketi, wawili, siku nyingine watano, wakitazama upande wetu. Hawakufanya kitu. Jua likipanda waliondoka, na wengine wakaja.

Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji kijitoni, nikamkuta yule mzee aliyenielekeza siku ya kwanza. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Alikuwa ananitazama usoni. Kwetu salamu ya mkubwa haikosi jibu hata kama jana mlishtakiana barazani. Nilirudi na ndoo nusu, wala sikumwambia bibi. Lakini akina mama waliokuwa wakibadilishana naye moto na chumvi hawakuvuka tena, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Mwenyekiti alikuja peke yake. Alisimama mbali na mlango, penye kinyesi cha mbuzi, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha." Aligeuzageuza kofia. "Mama, nimekuja kwa habari ya binti. Ni kwa muda tu. Apelekwe Haydom. Kuna hospitali, basi linapita barabarani kila siku, wanazalisha vizuri."

"Wanazalisha vizuri, tena kwa mikono safi. Hawalei. Akitoka hospitali na mtoto mgongoni, atarudi wapi? Kwa baba yake?"

Mwenyekiti akakunja ukingo wa kofia yake.

"Atarudi hapa," bibi akasema. "Na hapa ndipo unaponiambia atoke. Rudisha mawe yako korongoni."

"Mawe yakirudi hatuna kijiji. Mchoro umekwisha kupelekwa juu, mama. Uchaguzi unakuja."

"Ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha."

"Ukijua?"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Nikisimama pale niseme nini? Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikasema tumeacha. Mama, mimi binafsi siamini. Lakini watu wananiuliza. Kila ninapopita wananiuliza, mvua iko wapi, na mimi nawajibu ni mapenzi ya Mungu, na wao wanatazama huku."

"Wanataka kumfanya nini?" nikauliza. Haikuwa zamu yangu kusema.

Alinitazama kama aliyesahau kwamba nipo. "Hakuna mtu atakayemgusa," akasema. "Ndiyo maana nimekuja. Ili pasiwe na mtu wa kumgusa."

Aliposhuka korongoni msichana alitoka nyuma ya mlango. Hakuwa na mzaha. "Bibi, mimi sitoki," akasema. Bibi akamwambia hakuna anayetoka, mpaka ule ni wa karatasi, korongo bado ni korongo.

Kondoo alipita baada ya hapo.

Ilikuwa asubuhi, anga kavu kama kaure. Niliwaona wakishuka kwa mstari kutoka mgongoni: wazee, wote wanaume, kimya, mbele yao kondoo mweusi asiye na doa, amefungwa kamba shingoni. Nilidhani wataishia korongoni. Waliruka kijito, wakapanda upande wetu, wakafuata mawe yangu meupe. Kwenye kila jiwe walisimama, mmoja wao akasema maneno ambayo sikuyasikia, wengine wakamwitikia kwa sauti nzito, kisha wakaenda jiwe linalofuata. Mwenyekiti hakuwapo. Baba wa msichana alikuwapo, wa mwisho, bila koti lake la kanisani. Walipita chini ya nyumba yetu, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya kondoo. Hakuna aliyeinua uso.

Mimi niliwatazama kwa udadisi wangu wa siku zote, nikihesabu kwamba ni maandamano tu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na chungu mkononi. Mpaka wa serikali aliweza kuupuuza. Huu hakuweza. Wazee walikuwa wamechukua mstari wa mtendaji na kuufanya wao.

"Sasa tuko ndani," akasema.

Aliingia, akaanza kufunga vitu kwenye kitenge. Msichana alimfuata.

"Bibi, mimi sijatoka hapa. Sijaenda kokote. Nimekaa tu."

"Hujaenda kokote, mwanangu. Nchi ndiyo imekuja."

"Basi nizae leo. Nitajikaza nizae leo hii."

"Ukizaa leo humu, jioni watakuwa wote hapo nje, na hao wa kukaa kimya watakuwa wamechoka kukaa. Vaa kanga ya pili. Kuna upepo kule chini."

Nilibeba mzigo na kibuyu cha maziwa. Bibi aliwafungulia mbuzi, akawaacha waende wanakotaka, akavuta mlango bila kuufunga. Tulipoanza kushuka kuelekea tambarare niligeuka. Ukingoni walikuwa wamekaa wengi kuliko siku yoyote, wanawake pia. Hapakuwa na kelele, wala tusi, wala jiwe. Nilitamani mtu atukane. Walitutazama kwa namna ya mkulima anayetazama wingu, hana chuki nalo, anataka tu lifanye kazi yake.

Msichana alitembea kwa kuegemea, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kiunoni. Tulipolipita jiwe la mwisho, juu ya mwinuko, akauliza, "Tumetoka?"

"Bado," bibi akasema. "Wakipata kaya nyingine watakuja na hapa. Twende mbele."

Tulishuka. Baridi ya juu iliisha, tukaingia kwenye nyasi fupi za njano na miiba. Mlima Hanang ulisimama mbele yetu, kichwa ndani ya wingu. Kila baada ya muda msichana alikaa chini, akashika tumbo, akakunja uso, na kila mara bibi aliweka kiganja, akasubiri, akasema si yenyewe. Sikujua wilaya moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi, mimi niliyezoea kuuliza. Hapakuwa na jiwe wala kibao. Kulikuwa na njia za ng'ombe tu, zinakatana, zinaachana.

"Bibi, yule mama wa Kibarbaig, ndiye unayemtafuta? Yuko hai?" nikauliza.

"Yule alikufa zamani. Namtafuta mkwe wake."

"Anakujua?"

"Ataniambia mwenyewe."

Jua lilikuwa limeanza kulala tulipofika kwenye boma lililozungushiwa miiba. Mwanamke wa Kibarbaig alitoka, sketi ya ngozi yenye nyuzi nyingi ikigonga miguu yake, bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Alisimama kwenye mlango wa miiba, hakusogea. Bibi alianza kusema naye kwa lugha yao, polepole, kama mtu anayetafuta vitu gizani. Mwanamke alisikiliza. Aliuliza neno moja. Bibi akajibu kwa maneno mengi, akaonyesha mlima tulikotoka, akaonyesha tumbo. Msichana alikuwa ameacha kupumua kwa sauti.

Mwanamke akasogea, akaweka mikono yake miwili juu ya tumbo lile, akabonyeza pembeni, akabonyeza chini. Kisha akasema kitu kwa ukali, akamshika msichana mkono, akamwingiza.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema tumechelewa kuja, mtoto amekwisha kushuka. Amekasirika." Machozi yalikuwa yanamtoka bibi, lakini sauti ilikuwa ileile. "Atazalia humu."

Tuliwasikia wakihamisha ndama kutoka upande mmoja wa nyumba ili papatikane mahali pa kulala. Bibi alivua kandambili zake, akaziacha nje, akaingia nyuma yao.

Nilibaki uani na mzigo wangu. Mwenye boma alirudi na ng'ombe wakati vumbi limekuwa jekundu. Alikuwa mtu mrefu, mkuki mkononi, blanketi jeusi begani. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiswahili cha mnadani.

"Huyo ndani ni mke wako?"

"Hapana, baba. Mimi ni mpita njia."

"Mpita njia analala wapi?"

"Anapopewa."

Akacheka kidogo, akafunga miiba mlangoni, tawi juu ya tawi. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Huko juu wanasema mpaka umefika wapi sasa?"

Nikamwonyesha mwinuko, mbali, ulivyokuwa unaingia kwenye kivuli. Aliutazama muda mrefu.

"Na huku walikuja watu wenye kamba za kupimia," akasema. "Juzi. Walinywa maziwa, wakauliza tuko wangapi. Nikawaambia. Labda nisingewaambia."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya msichana, fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba, na sauti za wanawake wawili zikamtuliza kwa lugha mbili. Mwenye boma aliendelea kukaza matawi mlangoni mpaka zikatulia. Kisha akanipeleka kwenye nyumba ndogo ya wanaume, akatandika ngozi ya ng'ombe ambayo bado ilikuwa na manyoya, akanionyesha upande wa ukuta.

"Kichwa weka huku," akasema. "Kule kuna upenyo, fisi hupitisha pua. Ukimsikia usiseme kitu. Mgonge tu."

Akanipa rungu, akatoka kukamua.